Nilivyopanda ua wa mtandamboo Matsangoni: mbuzi, miiba, na siku mpwa wangu alivyotaka kula tunda la msunguti, mti wa sumu

Kwanza tumalize mambo ya jina ili mtu asije akacheka katikati ya stori. Mtandamboo. Ndio, nimeandika sawa, na anayejua Kiswahili ashaelewa kwa nini marehemu mama akiwa mbele ya wakwe alikuwa anasema "vile vitunda vyeusi vya miiba" na kuendelea na mazungumzo yake. Nilijaribu kutafuta jina la heshima kidogo, nikakuta Wakikuyu wanauita mukawa, Wamaasai olamuriaki, na wataalamu wa mimea wanauita Carissa, ambalo huku kwetu Kilifi ni jina la kila mwanaume wa tatu, Karisa huyu na Karisa yule. Mzee jirani yangu nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. Bas, mtandamboo utabaki mtandamboo.

Naandika haya manake nimeulizwa na watu wengi wanaopita njia ya kwangu, huo ua wa kijani umeupataje na umelipa pesa ngapi, na kila mtu nikimwambia miaka minne anageuza shingo anaenda kununua senyenge.

Ilianza 2020. Nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya pwani, corona ikaja, wageni wakaondoka, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Mimi sijaitwa mpaka leo. Nikarudi Matsangoni kwenye kipande cha mama, nusu ekari, futi 100 kwa 200, ardhi ya mchanga juu na mawe ya matumbawe chini, nikasema nilime mihogo na kunde na mboga kidogo. Nilipanda. Mbuzi wakavuna. Sio mbuzi wa mtu mmoja, mbuzi wa kijiji kizima, wanakuja asubuhi kama wafanyikazi wana shift.

Nikaita fundi anipigie hesabu ya ukuta wa mawe, akanitajia zaidi ya laki saba, nikamshukuru nikampa chai. Nikaenda kwa nguzo za mvinje na senyenge, hiyo nikaweza, jumla na vibarua ilinila kama elfu hamsini na tano za mwisho nilizotoka nazo hotelini. Miezi miwili haikuisha nikaamka siku moja upande wa barabara hauna waya, wamekata vizuri kabisa kwa koleo na kuukunja, na nguzo kumi na kitu wakang'oa za kuni. Nilikaa chini pale pale nikahisi kama nataka kulia, na kusema ukweli nililia.

Mzee jirani ndo akaja jioni ile. Hakunipa pole nyingi, alisema tu, "Mwanangu, waya unaibika. Miiba nani ataiba?" Akanichukua mpaka nyuma ya boma lake akanionyesha ua ambao ameukuta kwa baba yake. Kimo cha kifua, umefungamana hata kuku hapiti, majani madogo yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakielekeana, miiba imenyooka mirefu kama sindano ya kushonea magunia, mingine imegawanyika ncha mbili. Ukivunja kijiti yanatoka maziwa meupe. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje na yananukia kama asmini hasa jioni, nyuki hawabanduki. Na matunda ndo yale tuliyokuwa tunakula tukitoka shule, madogo kama sentimita moja, yanaanza kijani, yanakuwa mekundu, yakiiva ni meusi ya zambarau, matamu na uchachu wa mbali.

Mti wenyewe sio wa pwani peke yake, unaota mpaka bara kwa baridi, na nimesoma kwamba unapatikana Afrika sehemu kubwa, Yemeni, India mpaka Australia. Lakini kwa ardhi yetu hii ya mchanga na jiwe, na hewa ya chumvi, na miezi ya jua bila tone, ni vitu vichache vinavumilia kama yeye.

Sasa makosa, na nitayasema yote hata ya aibu.

La kwanza ni haraka. Badala ya kuchukua mbegu kwa mzee nikaenda kitalu kimoja cha njiani kununua miche 60, bei mia na ishirini kila mmoja, nikapewa kitu kina miiba na majani yanayong'aa nikafurahi. Mzee alipokuja kuangalia akachuma jani akalikunja akasema huu ni wa hotelini. Na kweli, nilipotuliza akili nikakumbuka ule mmea tulikuwa nao karibu na bwawa la kuogelea, ni ndugu yake wa Afrika Kusini, una majani makubwa zaidi, manene, miiba yenye ncha mbili kama herufi Y, maua makubwa na tunda kubwa jekundu. Sio mbaya, tunda lake pia linalika likiiva, lakini mimi nilitaka ule wa kwetu na nilikuwa nimelipa bei ya pambo. Shilingi elfu saba na mia mbili. Mwenye kitalu hakunidanganya, aliniuliza unataka karisa nikasema ndio, mjinga ni mimi. Kwa hivo ukienda kununua usiende na jina, enda na kijiti mkononi.

La pili ni mbegu. Nilichuma kopo zima la matunda meusi, nikayaminya, nikaanika mbegu juu ya bati wiki tatu kama mtu anaanika mahindi, zikakauka zikawa nyepesi zinalia ukizitikisa, nikaona hapo sawa. Nilizipanda kama mia nne. Zikaota kumi na moja. Kumi na moja! Nikamwendea mzee kulalamika akaniuliza umeona ndege akianika mbegu? Ndege anakula leo, kesho anaiacha chini ya mti na imeota. Mara ya pili nikafanya hivi: matunda yaliyoiva kabisa, nikayaminya ndani ya ndoo ya maji, nikasugua kwa mchanga mpaka ule utelezi ukatoka, kila tunda lina mbegu mbili mpaka nne hivi, bapa, nikazitandaza kivulini usiku mmoja tu zipungue maji, kesho yake ndani ya udongo. Kina kidogo tu, kama kucha ya kidole gumba. Juu nikaweka makuti ya kivuli. Nilitumia pakiti za maziwa tupu nilizookota na kuomba madukani, nikatoboa chini, nikachanganya mchanga, udongo mweusi na samadi ya mbuzi (walau mbuzi walilipa kitu). Wiki ya tatu kimya, nikaanza kusema nimerogwa, wiki ya nne zikaanza kuchomoza moja moja, mpaka ya saba bado zinatoka. Katika mia sita nilipata kama 350. Usichoke mapema ukamwaga pakiti, mimi nilimwaga ishirini na kitu na kukuta ndani mbegu zimeshapasuka.

La tatu, na hili ndo liliniuma zaidi, ni msimu. Ile miche kumi na moja pamoja na mingine kama arobaini niliyong'oa porini niliipanda Novemba 2020 nikitegemea vuli. Mvua ikaja siku nne ikaondoka. Halafu kaskazi ikaingia na lile jua lake na upepo unaokausha mpaka mate mdomoni. Nilinunua maji shilingi ishirini jerikeni, nikabeba mengine kisimani, Februari nilikuwa nimebaki na miche sita. Ile ya kung'oa porini yote ilikufa, mzizi wake unaenda chini sana, ukiukata ndo basi. Wote waliokuwa huku Kilifi wanakumbuka ule ukame uliotuanza pale ukaenda mpaka 2023. Miche ya kitaluni nikaiweka mpaka Aprili 2021 ndo nikapanda na mvua ya mwaka, hata kama nayo haikuwa ya kujisifu, nikamwagilia mara mbili kwa wiki miezi mitatu ya kwanza, baadaye nikaacha na ikajitegemea. Chimba shimo kabla ya mvua, kwenye jiwe nilitumia mtaimbo, shimo la urefu wa mkono mpaka kiwiko, jaza samadi, ngoja mvua ilowe vizuri ndo upande.

Na mbuzi je? Hapa ndo nilicheka kwa uchungu. Mbuzi wanaupenda mtandamboo kupita mihogo. Ukiwa mchanga miiba yake ni laini kama kachumbari, wanaitafuna pamoja na jani. Yaani ua wa kuzuia mbuzi unaliwa na mbuzi kabla haujawa ua. Hakuna aliyeniambia kwa sababu kila mtu alidhani najua. Nilipoteza miche kama hamsini ndani ya asubuhi moja. Dawa yake ni kuweka ua wa kufa nje ya ua wa kuishi: matawi ya miiba ya aina yoyote uliyonayo, unayalaza nje ya mstari wa miche, unayakandamiza kwa mawe, na kila baada ya miezi minne unaongeza kwa sababu mchwa wanakula. Nilifanya hivo miaka miwili. Ni kazi chafu, inachana nguo, na utagombana na mkeo.

Nafasi pia nilikosea mara ya kwanza, niliweka mita moja moja kama mtu anapanda michungwa. Ukitaka ua, weka shibiri na nusu hivi, kama sentimita 30, tena sio mstari mmoja ulionyooka, pandisha huyu mbele huyu nyuma. Kwa hesabu hiyo miche 350 ukitoa ile iliyoliwa ikatosha upande wa barabara na ule mfupi wa juu, haikutosha vizuri, na pande mbili zingine nikangoja mwaka 2022. Halafu kukata. Mche ukifika magoti roho inakuuma kuukata kichwa lakini ukiuacha unakimbia juu, unaweza kwenda mpaka mita tano ukipewa nafasi, na chini unabaki miguu mitupu, kuku na mbwa wanapita kama mlangoni. Nilikata wa barabarani ukiwa kimo cha goti, ukatoa matawi pembeni, ukifika kiunoni nikakata tena. Ule wa upande wa juu nilionea huruma, mpaka leo una matundu chini.

Ukikata vaa glavu nene, mimi natumia za welda nilizonunua Kilifi mjini, na vaa viatu sio ndala. Mwiba ukiingia na kuvunjikia ndani unavimba wiki nzima. Maziwa yake yakikaa kwenye nguo hayatoki. Na ufagie! Niliacha vijiti njiani, bodaboda akapita na mteja, tairi mbili kwa mpigo, nikalipa kuziba pancha na nikalipa nauli ya yule mama aliyechelewa sokoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike, kwa sababu mengine yote ni hasara ya pesa.

Mwaka 2023 ua ulianza kuzaa, sio sana, mikono michache. Watoto wa dada yangu walikuwa wamekuja likizo, nikawatuma wachume. Mdogo wao wa miaka saba akaona kwenye upande wa msituni kichaka kikubwa kimejaa matunda meusi kuliko ya uani kwangu, makubwa zaidi, na hakina mwiba hata mmoja, kuchuma raha. Akajaza kikopo. Mzee jirani alikuwa anapita na baiskeli, nikasikia sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Tupa! Tupa hicho! Fungua mdomo!" Alimkamata taya kama mtu anamwangalia ng'ombe meno. Mtoto alikuwa hajala, alikuwa ananiletea mimi kwanza manake nilimwambia asile kabla sijaosha. Nikifikiria hapo mwili unanisisimka mpaka leo.

Kile kichaka ni msunguti, wenyewe hapa wanasema mutsungu, na ndo ule uliokuwa unachemshwa na Wagiriama na Wawaata kupata sumu ya mishale. Wawaata walikuwa wanaangusha ndovu kwa hiyo sumu huko Tsavo. Ndovu! Sasa mtoto wa kilo ishirini. Ni ukoo mmoja na mtandamboo, ndo maana wanafanana: wote wana maziwa, wote majani yameelekeana mawili mawili, wote maua meupe yenye wekundu yanayonukia, wote tunda linaenda zambarau. Usiku ule sikulala nikawa nasoma kwenye simu, kumbe Mfaransa mmoja anaitwa Arnaud aliitoa ile sumu yenyewe mwaka 1888, inashika moyo, na jina lake ouabain limetokana na neno la Kisomali la mti huo. Na kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba anatafuna gamba la msunguti na kujipaka mate yake mbavuni, mbwa akimng'ata anaugua na anaweza kufa. Hiyo ndo kitu mpwa wangu alikuwa amebeba kwenye kikopo cha Kimbo.

Mzee kesho yake aliwaita watoto wote wa jirani akawasomesha, na mimi nilikaa nyuma nikasikiliza kama mwanafunzi. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Jani la mtandamboo ni dogo, la msunguti ni kubwa, gumu kama ngozi. Tunda la mtandamboo linaingia mbili tatu kiganjani bila kuonekana, la msunguti ni nene, lakaribia zeituni. Lakini aliwaambia msiangalie kitu kimoja, angalieni mwiba, jani na tunda kwenye tawi hilo hilo moja, kwa sababu vichaka vinapitana, unaona mwiba wa huyu unachuma tunda la yule. Huna uhakika, acha. Kuna watu wanasema la msunguti likiiva kabisa linalika, mimi sitalijaribu na sitaki kusikia. Na kwa vile nimekuwa mpishi nitaongeza langu: usichome mishikaki kwa kijiti ulichokata tu kichakani kwa sababu kimenyooka. Ukishuku mtu amekula, usingoje dalili, usimpe maziwa na maombi, hospitali na kijiti chenye majani mkononi ili daktari aone.

Nilikata kile kichaka? Nilitaka, mzee akakataa, akasema kiko hapo kabla ya baba yake, watoto ndo wafundishwe. Nimezungushia kamba nyekundu, kila likizo nawapeleka kukiangalia.

Mizizi nayo. Sikujua kwamba mzizi wa mtandamboo ni biashara. Watu wanauchemsha na nyama kwenye supu, wengine kwa kifua, homa, mgongo, na nguvu za kiume (jina tena hilo!). Mimi sisemi inaponya au haiponyi, sina elimu hiyo. Nilichoona ni kwamba 2024 asubuhi moja nikakuta kama mita tatu za ua karibu na geti zimechimbuliwa, miche iko chini majani bado mabichi, mizizi hakuna. Waya unaibika, miiba nani ataiba. Nilimkumbusha mzee maneno yake, akanyamaza. Baadaye nimepanda vichaka sita mbali na ua, karibu na kisima, nikatangaza anayetaka mzizi aje aombe, nitamchimbia mwenyewe upande mmoja na kufukia. Toka hapo sijachimbiwa.

Jamu. Nilijua mimi nitatajirika na jamu. Mavuno ya 2024 nilipata kilo nne hivi kwa msimu, kuchuma kilo moja kunakula asubuhi nzima na mikono yako inakuwa kama umepigana na paka. Jungu la kwanza niliharibu, niliweka na mekundu yasiyoiva vizuri, yale maziwa yakafanya utando wa kunata kwenye sufuria, nikaisugua siku mbili. Tumia meusi tu, yaliyolainika, yaoshe, chemsha na maji kidogo mpaka yapasuke, pitisha kwenye chujio uache mbegu na maganda, rudisha motoni na sukari nusu ya uzito wake na ndimu, koroga taratibu. Rangi yake ni kama divai, na ladha wallahi sijapata kwenye jamu ya dukani. Nikaenda na chupa nane kwa mpishi ninayemjua hotelini, akaonja akafunga macho, halafu akaniambia bila alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, hawezi kuniwekea mezani. Ana haki, ningekuwa yeye ningesema hivo hivo. Chupa tukala wenyewe. Kuuza matunda mabichi pia nilijaribu, mama mmoja sokoni akaniuliza, "Kaka yangu, wewe unauza vitu vya ndege?" Kwa hivo usipande kwa ajili ya tunda. Tunda ni bakshishi.

Hesabu yangu kwa jumla, ukitoa ile senyenge iliyoibwa: miche ya hotelini 7,200, maji ya kununua kama 6,000, vibarua wa mashimo 9,000, glavu na mkasi mkubwa 2,800, tairi za boda 700. Kama elfu ishirini na sita kwa miaka minne, na ingekuwa nusu yake kama ningemsikiliza mzee toka siku ya kwanza. Mihogo sasa iko, kunde ziko. Mbuzi wanakuja asubuhi, wanasimama barabarani wanaangalia.

Pale getini bado kuna pengo la zile mita tatu, nimeliziba kwa mlango wa friji mbovu ambao mke wangu anasema unatia aibu. Matunda ya juzi nimeshayaminya, ndoo iko chini ya mwembe, naenda kuziosha mbegu kabla kuku hawajaiona.